Chemba ya vakyumu kwa resini: cha kulinganisha kabla ya kununua, ukiwa Nairobi

Chemba ya vakyumu ni chombo kinachovutwa hewa kwa pampu ili mapovu yatoke kwenye silikoni au resini kabla haijaganda. Soma karatasi ya maelezo ya silikoni ya kutengenezea moldi (kalibu za kumiminia resini) na mara nyingi utakutana na agizo hili: vuta hadi inchi 29 za zebaki, kipimo cha mvuto kinachosomwa kwenye geji. Fundi wa Kariobangi anaweka kopo lake ndani ya chemba, anawasha pampu, mshale unapanda mpaka 24 na nusu, kisha unagoma. Anabadilisha raba, anapaka grisi, anakaza viungio, lakini mshale haubanduki pale ulipo. Mwishowe anarudisha pampu dukani akiamini ameuziwa kitu kibovu, na muuzaji anambadilishia nyingine ambayo nayo itagota hapo hapo.

Pampu zote mbili ni nzima. Geji ya mshale hupima tofauti kati ya hewa ya nje na hewa iliyobaki ndani ya chemba. Nairobi iko juu, kati ya mita 1,600 na 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari kutegemea mtaa, kwa hiyo hewa inayotukandamiza ni kidogo kuliko ya Mombasa. Huwezi kutoa ndani ya chemba hewa ambayo hata nje haipo. Hata ungefikia ombwe tupu kabisa, yaani vakyumu isiyobakiza hewa yoyote, mshale wa Nairobi ungesimama karibu na 24.5. Maelezo ya silikoni yaliandikwa na watu walio karibu na usawa wa bahari, na hawakutufikiria.

Ndiyo maana kabla ya kulinganisha chemba na chemba, mimi huanza kwa kulinganisha miji. Namba hizi ni za kukadiria, kwa sababu presha ya hewa hubadilika kidogo kila siku, na alama ya kutoa inaonyesha tu kwamba ni chini ya hewa ya nje:

| | Mombasa | Nairobi |
|---|---|---|
| Presha ya hewa ya kawaida | milibari 1,013 | milibari 830 |
| Mshale kwenye ombwe tupu, inchi za zebaki | −29.9 | −24.5 |
| Mshale kwenye ombwe tupu, megapaskali | −0.101 | −0.083 |
| Mshale pale maelezo yanaposema "29" | −29 | −23.6 |
| Uzito wa hewa juu ya mfuniko wa sentimita 30 | kilo 730 | kilo 600 |

Mstari wa nne ndio wa kunakili na kubandika ukutani. "29" ya usawa wa bahari maana yake ni kwamba ndani ya chemba imebaki presha kamili (inayohesabiwa kuanzia ombwe tupu) ya milibari 31 hivi. Milibari 31 ni milibari 31 popote ulipo. Hapa kwetu utazipata mshale ukiwa kwenye 23.6, na ukifika hapo umetimiza kila kitu ambacho mtengenezaji wa silikoni alikuagiza. Limuru, ambako ni juu zaidi, mshale utaishia chini ya hapo, na kazi itakuwa ile ile.

Kimo hakidhoofishi pampu pia. Uwezo wa pampu huandikwa kwa presha kamili: ya hatua moja huahidi takriban paskali 5, ya hatua mbili, yaani yenye hatua mbili za kuvuta zinazofuatana, huahidi chini ya paskali 1. Namba hizo hazibadiliki ukipanda mlima.

Geji

Nimeanza na geji badala ya chemba yenyewe kwa sababu hapa ndipo pesa kidogo huleta faida kubwa. Geji ndogo ya mshale inayokuja na chemba za bei nafuu mara nyingi ni ya daraja la 2.5, yaani inaruhusiwa kukosea kwa asilimia 2.5 ya kipimo chake chote. Kwa geji ya kuanzia 0 hadi −0.1 megapaskali, kosa hilo ni milibari 25 kwenda juu au chini. Sasa fikiria: kazi yetu yote ya kutoa mapovu hufanyika kati ya milibari 50 na milibari 5. Mshale huo hauwezi kukuonyesha kama uko kwenye 10 au kwenye 30. Unakuambia tu kwamba kuna ombwe zuri, na hiyo inatosha kwa silikoni. Kwa resini zenye mvuke, ambazo nitazifikia, haitoshi.

Geji ya kidijitali inayosoma presha kamili ndiyo ningechagua. Haina habari na kimo, haijali mvua wala jua, na ukiipeleka Mombasa kesho itasema lugha ile ile. Mafundi wa friji na AC wana kipimo cha maikroni, cha kusoma presha ndogo sana, na wengine huazima hicho. Ni kizuri cha kupima kama pampu ni nzima, lakini vingi huanza kusoma pale tu presha inapokuwa imeshashuka sana, kwa hiyo sehemu unayohitaji wewe huioni. Isitoshe, mvuke wa resini huchafua kihisio chake. Ukiazima, kipime pampu pekee bila resini ndani, kisha ukirudishe kwa mwenyewe kikiwa safi.

Mfuniko wa pespeksi au wa kioo

Chemba nyingi zinazouzwa ni sufuria nene ya chuma cha pua au alumini, raba ya silikoni ukingoni, na mfuniko unaoonyesha ndani. Sufuria yenyewe hainitii wasiwasi. Umbo la duara hustahimili kukandamizwa kutoka nje, mradi si sufuria ya kawaida ya kupikia, ambayo ukuta wake mwembamba utajikunja kuelekea ndani. Kinachoamua usalama na umri wa chemba ni mfuniko.

Tuchukue mfuniko wa sentimita 30. Kwa Nairobi unabeba kilo 600, sawa na ng'ombe mkubwa kusimama juu yake. Nikikokotoa kwa fomula ya kawaida ya sahani ya duara iliyoegemea ukingoni, pespeksi (plastiki ngumu angavu) ya milimita 12 itabonyea katikati kwa takriban milimita 5. Itashika, lakini kila siku inakunjwa na kunyooshwa, na pespeksi haisahau. Ya milimita 20 itabonyea milimita 1 tu. Kwa kipenyo hicho mimi singenunua chini ya milimita 20, hata muuzaji aape vipi. Kwa chemba ndogo ya sentimita 24, milimita 12 inavumilika kwa kazi fupi, na 15 ingenipa usingizi mzuri zaidi.

Kimo chetu kinatupunguzia mzigo kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na pwani. Kuna watakaokushawishi upunguze unene kwa sababu hiyo. Usikubali. Chukulia asilimia hiyo kama akiba, maana chemba huuzwa, huazimwa, na siku moja hupakiwa kwenye basi la Mombasa.

Faida ya pespeksi ni kwamba haivunjiki kwa kugongwa kidogo, hutobolewa kwa drili ya kawaida, na vipande vyake vinakatwa hapa hapa Nairobi kwa kipimo unachotaka. Udhaifu wake mkubwa ni kemikali. Chukua kitambaa chenye thina, asetoni au spiriti, pangusa tone la resini lililorukia chini ya mfuniko, kisha uinamishe mfuniko kuelekea dirishani. Baada ya muda utaona nyufa nyembamba sana zinazong'aa kama nywele za fedha, zikianzia kwenye tundu la geji na kutambaa kuelekea katikati. Ukipitisha ukucha huzihisi, lakini mwanga unazionyesha. Mfuniko huo umekwisha. Hata kama bado unashika ombwe, uondoe. Pespeksi husafishwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, basi. Wala haipendi joto: ikikaribia nyuzi 80 inaanza kulegea, kwa hiyo usiiache juu ya kopo la epoksi lililoanza kuchemka lenyewe.

Kioo kilichotiwa nguvu kwa joto hakijali styrini (kimiminika chenye mvuke kilichomo kwenye resini ya poliesta), asetoni wala moto wa kiasi hicho. Kinabaki wazi miaka mingi. Lakini ni kizito, hakitobolewi baada ya kutiwa nguvu, kwa hiyo vali na geji lazima ziwe kwenye ukuta wa sufuria. Na kikipata jeraha ukingoni, hata dogo, kinaweza kupasuka chote kwa mpigo mmoja siku usiyoitarajia. Nakihifadhi juu ya zulia, kamwe si kwenye sakafu ya saruji, na nikikitumia navaa miwani ya kinga. Kioo cha kawaida cha dirisha hakina nafasi hapa, hata kiwe kinene.

Sanduku la pespeksi tupu, lenye pande zote wazi, ndilo linalovutia zaidi kwenye picha. Ndilo pia ninaloliamini kidogo. Sura bapa hukunjwa vibaya kuliko silinda. Upande mmoja wa sentimita 30 kwa 30 unabeba zaidi ya kilo 750 hapa kwetu, na viungo vimegandishwa kwa gundi. Kwa mwalimu anayewaonyesha wanafunzi puto likifura, sawa. Kwa fundi wa kila siku, hapana.

Kisha kuna ya kuchomelewa. Bomba nene la chuma la milimita 5 au 6, sahani chini, ukingo uliosawazishwa, na fundi mzuri wa Kariobangi atakutengenezea chemba itakayokuzika. Sharti moja: weldi iwe ya kuendelea na isiwe na vitundu, la sivyo utahangaika na uvujaji hadi uchoke. Wengine hupendekeza kukata mtungi wa gesi ya kupikia. Mtungi una nguvu ya kutosha, lakini mabaki ya gesi ndani yake yameua watu waliogusisha grainda. Nunua bomba.

Unachomwaga ndicho kinachopanga kikomo

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea hesabu. Wanatafuta pampu inayovuta kwa kina zaidi, wakidhani kina ndicho ubora. Povu la hewa hufuata sheria rahisi: ukishusha presha kutoka milibari 830 hadi 30, linafura takriban mara 28, linapanda juu na kupasuka. Ukishuka hadi 10, linafura mara 83. Baada ya hapo faida inapungua, na hatari ya kuchemsha resini yenyewe inaanza.

Silikoni ya moldi ndiyo inayohitaji chemba kuliko zote, na ndiyo isiyodeka. Ni nzito, hewa haitoki yenyewe. Jaza kopo robo tu, maana itapanda mara tatu au nne. Mkono ukae kwenye vali. Utaona uso unavimba kama maandazi, povu linapanda hadi karibu na mdomo wa kopo. Fungua vali kidogo lishuke, vuta tena. Kuna dakika moja ambapo povu lote linavunjika ghafla na kuanguka, kisha uso unabaki ukichemka vitone vichache. Ongeza dakika mbili au tatu, basi. Pampu yoyote nzima ya hatua moja inatosha kabisa.

Epoksi ya kumimina kina kirefu, ile ya meza za mbao na mto katikati ambazo zimejaa sasa kando ya Ngong Road, kwa kawaida ni nyepesi na hutoa mapovu yake polepole yenyewe. Kwa meza, chemba ni gharama usiyoihitaji. Pasha mbao joto, ziba matundu yake kwa tabaka la kwanza, mimina taratibu. Kwa epoksi nzito na vitu vidogo vya urembo chemba inasaidia, lakini ukivuta sana baadhi ya viungo vyake huanza kuchemka na povu haliishi. Povu lisiloisha si hewa tena. Simama. Na kumbuka asubuhi za Juni hadi Agosti: Nairobi ikiwa na nyuzi 12, epoksi inakuwa kama asali. Chupa iliyokaa kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kuchanganya itakusaidia kuliko pampu ya bei mara mbili, ila muda wa kuganda nao utakuwa mfupi.

Poliesta, wanayoitumia mafundi wa faiba, inataka heshima. Ndani yake kuna styrini, na kwa nyuzi 20 styrini huchemka presha ikikaribia milibari 7. Pampu yako inafika huko kwa urahisi. Ukishuka hadi hapo unaivuta styrini kutoka kwenye resini, inaingia kwenye mafuta ya pampu na kutokea kwenye bomba la moshi, mvuke unaoshika moto na unaoumiza macho na mapafu. Ungekuwa na geji ya presha kamili, ningekuambia usishuke chini ya milibari 60. Ukiwa na ya mshale tu, ishia kwenye 22 hivi na uridhike. Mfuniko uwe wa kioo, na mlango wa karakana uwe wazi.

Kuna na wale wanaoingiza resini ndani ya mbao, mara nyingi vipande vya mzeituni kwa ajili ya mipini ya visu na kalamu. Kazi hii ni ya saa nyingi chini ya ombwe, na mvuke wa resini zake hula pespeksi. Kioo tena. Mbao lazima ziwe zimekaushwa kwenye oveni, kwa sababu maji nayo huchemka kwenye milibari 23 kwa nyuzi 20: mbao mbichi zitatoa mapovu mpaka kesho, na mafuta ya pampu yatageuka meupe kama chai ya maziwa. Mafuta yakifika hapo yamwage.

Pampu, kwa ufupi

Hatua moja inatosha kwa silikoni, epoksi na poliesta. Hatua mbili ninaipendekeza kwa wa mbao peke yao. Kwa chemba ya lita 12, pampu ya lita 50 kwa dakika itashuka hadi milibari 10 kwa dakika moja na kidogo kwenye karatasi, sema mbili au tatu kwenye meza. Angalia iwe ya volti 240 na hezi 50. Ile inayotangazwa kwa kipimo cha hezi 60 hupoteza karibu moja ya sita ya kasi yake hapa. Kompresa ya friji kuukuu huvuta, ila polepole, na hupata moto kwa sababu ilizoea kupozwa na gesi yake.

Kitu ambacho sijaona wauzaji wakikitaja: vali ya kuzuia mafuta yasirudi. Stima ikipotea katikati ya kazi, chemba yenye ombwe inanyonya mafuta ya pampu kupitia bomba moja kwa moja hadi kwenye silikoni yako. Kama pampu haina vali hiyo, nunua ya pembeni, au ujizoeze kufunga vali ya chemba taa zinapozimika.

Au ununue tanki la presha badala yake?

Wanaotengeneza hereni na vidani vinavyong'aa kwa ajili ya Maasai Market huuliza hivi, na ni swali zuri. Tanki la presha hufanya kinyume: linashindilia hewa hadi paundi 40 hadi 60 kwa inchi ya mraba na kuyabana mapovu mpaka yasionekane. Kwa paundi 40 hapa Nairobi povu hubaki chini ya robo ya ukubwa wake, na kwa kuwa tunaanzia kwenye hewa nyepesi, tunapata kubanwa zaidi kidogo kuliko mtu wa pwani. Kwa resini ya poliurethani inayoganda kwa dakika chache, tanki linashinda chemba waziwazi, kwa sababu hakuna muda wa kusubiri povu lianguke. Lakini resini lazima igande ikiwa bado ndani ya tanki, na moldi yake lazima iwe ilitolewa hewa kwa vakyumu wakati inatengenezwa. Moldi yenye mapovu ndani yake hubonyea chini ya presha, na kila povu linaacha kipele kwenye kidani.

Kwa hiyo mwenye pesa za kifaa kimoja aanze na chemba. Anayenunua moldi tayari zilizotengenezwa na kumimina resini angavu tu, aanze na tanki.

Usijaribu kukifanya kifaa kimoja kiwe viwili. Chemba ya vakyumu ina kikomo cha presha ya ndani cha sifuri. Mfuniko wake haukufungwa na chochote isipokuwa uzito wa hewa ya nje. Ukiingiza hewa ya kompresa, hata kidogo, unaruka. Tanki la presha nalo ni chombo ambacho sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakitambua na kutaka kikaguliwe, kwa hiyo ukinunua lililotumika, uliza karatasi za ukaguzi na ulitazame ndani kwa tochi kutafuta kutu.

Chemba iliyotumika hupimwa kwa njia rahisi papo hapo mbele ya muuzaji. Iwashwe ikiwa tupu na kavu, mshale ufike 24 na zaidi, vali ifungwe, pampu izimwe. Weka alama ya kalamu kwenye kioo cha geji, mkanywe chai, mrudi baada ya robo saa. Ukiwa mshale umeshuka upana wa sindano yake tu, lipa. Ukiwa umeshuka inchi mbili au zaidi, angalia raba kwanza, maana ikikauka hubadilishwa kwa bei ndogo. Kama raba ni laini na haina mkato, uvujaji uko kwenye vali au weldi, na hapo bei ishuke au uondoke.